Naomba ushauri: Te Deum ya Otto Olsson kwa kwaya ya usharika

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kwaya ya usharika wa Kilutheri hapa Kagera. Wazee wanataka wimbo mzito kwa sikukuu ya mwakani, na mimi nimempenda mtunzi mmoja Mswidi, Otto Olsson (1879–1964).

Huyu mzee ni mtoto wa Stockholm. Alipiga kinanda kanisa la Gustav Vasa tangu 1908 hadi 1956, huku akifundisha chuo cha muziki cha kifalme mjini humo. Requiem yake (misa ya wafu) ya 1903 haikuimbwa hadi 1976, yeye keshafariki miaka 12 nyuma! Te Deum (utenzi wa kale wa kumsifu Mungu) ya 1906 ndiyo iliyomtangaza, nayo ndiyo ninayoitaka.

Sasa shida. Imeandikwa kwa kwaya, ala za nyuzi, kinubi na kinanda kikubwa cha mabomba. Sisi tuna kinanda cha umeme tu, na siku umeme ukikatika, hatuna kitu. Maneno ni Kilatini. Waimbaji wangu wanasoma solfa (do, re, mi), nota za mistari hawazijui, na tena ninao wawili tu wanaofika juu bila kukaza shingo.

Waliowahi kufundisha kazi kama hii: niigeuze yote kuwa solfa, au niwaimbishe kwa kusikiliza, sauti moja moja? Sehemu ya kinubi niiweke mkono wa kulia wa kinanda au niiache kabisa? Na Kilatini, mliwafundishaje wazee wa besi?

Tafadhali msiniambie nichague wimbo mwepesi, hilo nimeshaambiwa nyumbani.