Mrejesho: njia tulivu za baiskeli kwenye vilima vya Lot, Ufaransa

Niliuliza jinsi ya kuzunguka Lot, mkoa wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwa baiskeli bila kusumbuliwa na magari. Asanteni kwa majibu, huu ndio mrejesho.

Uti wa mgongo ni barabara ya D41: inafuata mto Célé, inapita Marcilhac na kushuka hadi Cabrerets. Bondeni ni tambarare kiasi. Shughuli iko kwenye kutoka bondeni kupanda uwanda wa chokaa. Ramani ya Michelin inasaidia sana hapo. Fuata barabara nyeupe, zenye magari machache kuliko za njano, na hesabu vishale vilivyochorwa juu ya barabara kwenye ramani: kimoja ni mwinuko wa 5–9%, viwili 9–13%, vitatu zaidi ya 13%. Kishale huelekea juu. Ukiwa na mizigo, gia ya meno 34 mbele (kwenye pedali) na 32 nyuma (kwenye gurudumu) ni nzito kupandia. Tafuta gia nyepesi zaidi.

Ukiona kibao cha "gravillons", yaani kokoto mpya juu ya lami, punguza mwendo kabla ya kona. Ukifunga breki katikati ya kona, tairi linaweza kuteleza. Tairi la upana wa milimita 28 linatosha.

Maji: makaburini mara nyingi kuna bomba, ila penye maandishi "eau non potable" (maji yasiyofaa kunywa) usinywe. Maduka vijijini mengi hufungwa mchana, na Jumatatu ndiyo usiseme.