Tupeane uzoefu: siku moja ya kuteleza kwenye theluji kwa anayeanza (kwa wana Mtwara na Lindi walioko miji mikubwa)

Mwana wa Mikindani

Wanakusini, habari za jioni. Kila mwaka vijana wetu wa Mtwara, Masasi, Nachingwea na Lindi wanaondoka kwenda kusoma Beijing, Seoul, Tokyo au Istanbul. Ikifika Desemba wenzao wa darasani wanawaambia Jumamosi wanakwenda mlimani kuteleza kwa skii (vibao virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni), kurudi jioni. Kijana aliyekulia Shangani, ambako Desemba ni embe na jasho, anakubali bila kujua anakubali nini. Naomba hapa tuweke mambo ya kufanya tu: kivaliwe nini, kikodiwe nini, miguu ikae vipi, nini huharibika na kwa nini. Anayeujua mji fulani aandike wa mji huo, asibahatishe wa mwenzake.

Naanza na kuchagua mahali. Usivutwe na jina la mlima. Mlima mrefu wenye njia arobaini haukufai kitu siku ya kwanza, kwa sababu siku nzima utaimalizia kwenye uwanja wa mita mia mbili hivi. Ulizia kama wana uwanja wa wanaoanza uliotengwa, usiopitiwa na wenye mwendo kasi. Ulizia kama uwanja huo una mkeka unaotembea, yaani ule mkanda unaokupandisha ukiwa umesimama. Halafu uliza kama kuna mwalimu anayefundisha kwa lugha unayoielewa. Safari ikizidi saa mbili na nusu kwenda tu, siku imekwisha njiani.

Dada wa Chikongola

Tokyo: Gala Yuzawa ndiyo rahisi kuliko zote. Treni ya mwendo kasi inatoka stesheni ya Tokyo na kukushusha ndani ya jengo la mapumziko lenyewe baada ya takriban dakika 75. Unakodi vifaa humo humo, unabadili nguo, unapanda kibanda cha kebo, yaani chumba kidogo kinachovutwa na waya juu angani, mpaka kwenye theluji. Jioni shuka kwa kibanda hicho hicho. Ipo njia ya kushuka kwa skii mpaka stesheni, lakini si ya anayeanza, hata kama wenzako watakuambia ni fupi.

Seoul: Elysian Gangchon inafikika kwa treni ya kawaida ya laini ya Gyeongchun, unashuka Baegyang-ri. Vivaldi Park iko Hongcheon na huendewa kwa basi. Msimu wa Korea ni kuanzia Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi, na viwanja vingi huwasha taa usiku. Mgeni asidanganyike na tiketi ya usiku kwa kuwa ni nafuu: usiku theluji iliyolainika mchana huganda tena ikawa barafu, na kwenye barafu skii haishiki.

Na jambo moja ambalo watu wa kwetu hulikosea: tiketi ikiandikwa 07:00 ni saa 1 asubuhi, si saa 7 mchana. Ukiwa na haraka akili inarudi kwenye saa za nyumbani. Badilisha kabla hujalala.

Mkorosho Mkavu

Beijing: kuna Nanshan, wilaya ya Miyun, inafaa kwa siku moja. Ukitaka kwenda mbali zaidi kuna Chongli, upande wa Zhangjiakou, kulikofanyika sehemu ya Olimpiki ya msimu wa baridi ya 2022. Reli ya mwendo kasi iliyofunguliwa mwisho wa 2019 inakufikisha Taizicheng kwa takriban saa moja ukianzia Qinghe.

Ujue kwamba upande ule wa Uchina ni mkavu, mvua na theluji ya asili ni kidogo, kwa hiyo karibu yote unayokanyaga imetengenezwa na mashine. Chembe zake ni ndogo za mviringo, zinashindiliana na kuwa ngumu. Asubuhi ni kama sakafu. Ukianguka inauma kweli, kwa hiyo helmeti ni lazima, na wengi hufunga kinga ya makalio na magoti, nayo inakodishwa.

Mama Nyangao

Istanbul jamani msisahau. Kartepe, karibu na İzmit, ndiyo inayowezekana kwa siku moja. Uludağ ya Bursa ni kubwa na inajulikana zaidi, ila una feri mpaka Mudanya, halafu usafiri wa mjini, halafu kebo ndefu kutoka Teferrüç. Upepo ukivuma kebo inasimamishwa. Hiyo ni safari ya kulala.

Mwenye kupita Dubai: Ski Dubai iko ndani ya jengo la maduka, ipo tangu 2005, baridi yake ni chini ya sifuri mwaka mzima, njia ndefu kabisa ni mita 400. Asiyeweza kugeuka na kusimama haruhusiwi kupanda juu peke yake, sharti achukue somo. Nguo wanatoa. Glavu na kofia beba zako.

Fundi wa Masasi

Mmeongea usafiri mpaka basi, sasa tuje kwenye viatu, maana kiatu ndicho kinachoharibu siku ya watu wengi.

Kiatu cha skii ni kigumu kama plasta ya mvunjiko. Vaa soksi moja tu, nyembamba au ya wastani, ya sufu au ya nailoni, inayofika chini ya goti. Soksi mbili hujikunja, zinakata damu, mguu unaganda. Suruali ya ndani isiingie kwenye kiatu, ikomee juu yake. Ingiza mguu, piga kisigino chini mara mbili tatu kirudi nyuma kabisa, ndipo ufunge bakoli (vile vifungo vya kubana kiatu), ukianza na zile za kifundoni. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti vijivute nyuma, visiguse. Hicho ndicho kipimo. Mgeni huchagua kikubwa kwa sababu dukani anasikia raha kama amevaa kandambili. Akifika mlimani mguu unaogelea ndani, anageuza mguu na skii haigeuki, na muundi unachubuka kwa kupiga mbele.

Skii yenyewe ya anayeanza ikisimamishwa ifike kidevuni hivi. Mtu wa sentimita 170 apewe ya 150 au pungufu kidogo. Ndefu inakwenda kasi na ni nzito kugeuza.

Halafu kishikizo, kile kinachoshika kiatu kwenye skii. Fundi wa duka atakuuliza kilo zako, urefu, umri na kama unajua kuteleza. Sema kweli. Wapo wanaopunguza kilo kwa haya na wapo wanaojiita wazoefu kwa sifa. Majibu yako ndiyo yanayoamua springi ya kishikizo ikazwe kiasi gani. Ikikazwa kupita kiasi, ukianguka kishikizo hakifunguki na goti linapinda pamoja na skii, kano za goti zinachanika. Ikilegezwa sana skii inachomoka katikati ya kona. Usiguse skrubu mwenyewe wala kubadilishana skii na rafiki.

Salma wa Ligula

Fundi, shukrani. Na kwa tunaovaa hijabu?

Dada wa Chikongola

Dada Salma, hijabu ya kitambaa cha michezo inayobana, isiyo ya pamba, inakaa vizuri chini ya helmeti. Usitie pini za chuma wala fundo nyuma ya kichwa: helmeti itakaa juujuu, na ukianguka pini inakuchoma. Ncha zote ziingie ndani ya jaketi. Kwa wote, skafu inayoning'inia hairuhusiwi kwenye viti vya kebo (vile vinavyoning'inia kwenye waya kupandisha watu) wala kwenye mkeka, inanaswa.

Nguo ni tabaka tatu. Ya ndani ibane mwili, ya katikati iwe ya manyoya laini au sufu, ya nje izuie upepo na maji. Pamba iacheni nyumbani, fulana, jinzi na kanga pia. Pamba inakunywa jasho na theluji, haikauki, na ukisimama foleni dakika kumi mwili unatetemeka.

Hapa nyumbani tuna bahati ambayo wengi hawaioni. Mafungu ya mitumba huja na majaketi na suruali za theluji, wauzaji huyatupa pembeni kwa sababu ya joto, na bei yake ni ya chini. Suruali ya theluji utaitambua kwa pindo mbili miguuni: la ndani lina lastiki la kufunika kiatu. Geuza jaketi, tazama mishono ya ndani. Iliyobandikwa utepe juu ya mshono haipitishi maji. Mwagia kijiko cha maji begani. Yakitiririka, nunua. Yakizama, bado inafaa siku kavu. Kagua zipu mpaka mwisho, maana zipu iliyokufa kwenye baridi haina tiba.

Kocha wa Newala

Sasa mwili. Tuliozaliwa ukingoni huku Newala tunajua kushuka mteremko kuelekea bonde la Ruvuma: mtu huegemea nyuma, anakaza visigino. Kwenye skii mazoea hayo ndiyo yanayomwangusha mgeni. Ukiegemea nyuma ncha za mbele zinakosa uzito, hazitii, na kasi inapanda. Uzito uwe mbele: magoti yamekunjwa, muundi umekandamiza ulimi wa kiatu muda wote, mikono mbele kama aliyebeba sinia la pilau, macho yatazame uendako, si kwenye skii.

Kuvaa: futa theluji iliyoshikana chini ya kiatu, la sivyo kishikizo hakifungi. Simama umekingama mteremko, usiielekeze skii chini. Vaa kwanza ile ya upande wa bonde. Ncha ya mbele ya kiatu kwanza, kisha kanyaga kisigino mpaka ukisikia kinalia "ka!".

Breki ni kabari. Ncha za mbele zikaribiane kama upana wa ngumi, visigino visukumwe nje, skii zilale kidogo kwa ukingo wa ndani. Ukipanua zaidi unapunguza mwendo. Zikikaa sambamba unaondoka. Wengi wanabananisha mno ncha za mbele kwa kuchanganyikiwa, zinapishana, wanaanguka kifudifudi. Kugeuka ni uzito tu: kandamiza mguu wa kulia, utakwenda kushoto, wa kushoto, utakwenda kulia. Usizungushe mabega.

Ukiona mwendo umekushinda, geuka ukingame mteremko, na ikibidi kaa chini kwa ubavu, kwenye nyonga. Usitangulize mkono. Na fimbo za skii, zile za kushika mikononi, siku ya kwanza ziache: mtu akianguka huku ameishika, kidole gumba kinavutwa na kano yake kuchanika.

Kuinuka: zungusha skii zote mbili ziwe upande wa chini, zikingame mteremko, sukuma kwa mkono kutoka upande wa juu. Zikielekea bonde, utainuka na kuondoka hapo hapo. Ukishindwa vua moja.

Mwana wa Mikindani

Kocha, na viti vya kebo? Huko ndiko wengi wanakoogopa.

Kocha wa Newala

Mkeka kwanza, viti baadaye, ukishaweza kusimama popote unapotaka. Mwambie mhudumu kwa ishara kwamba ni mara yako ya kwanza, atapunguza mwendo. Simama kwenye mstari, tazama nyuma kwa bega, kiti kikigusa paja kaa, teremsha nondo (chuma cha kukuzuia usianguke). Mkoba uvuliwe mgongoni ushikwe mbele. Ukikaribia juu inua nondo, inua ncha za skii, zikigusa ardhi simama tu na kiti kitakusukuma. Nenda moja kwa moja, usimsubiri mwenzako pale, wanaofuata watakugonga. Ukianguka jiburute pembeni kwanza, skii utaokota baadaye.

Rangi za alama za njia zisiwachanganye. Ulaya bluu ni rahisi, na nchi nyingine zina kijani chini yake. Marekani kijani ndiyo ya kuanzia na bluu ni ya kati. Japani kijani, nyekundu, nyeusi. Na sheria moja kubwa: aliye chini yako ana haki ya njia, kwa sababu hana macho kisogoni. Ukipumzika pumzikia ukingoni, na kamwe si nyuma ya kilima ambako anayeshuka hakuoni.

Mama Nyangao

Jua. Theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua machoni na usoni, kutoka chini kwenda juu. Weusi wa ngozi hautoshi, na macho hayana weusi wa kuyakinga: jioni yanawasha kama yametiwa mchanga. Miwani ya theluji hata siku ya mawingu, losheni ya kukinga jua namba 30 kwenda juu, chini ya pua na kidevu msisahau.

Chakula: kantini za Japani, Korea na Uchina mara nyingi hutia nguruwe hata kwenye mchuzi, kwa hiyo ulizeni. Korosho za kukaanga mfukoni ndizo za kwetu. Zina nguvu, hazigandi, zinaliwa kwa glavu moja imevuliwa. Maji kunyweni hata bila kiu.

Salma wa Ligula

Mwenye miezi miwili kabla ya kuondoka afanye zoezi gani?

Kocha wa Newala

Egemea ukuta kama umekaa kitini, magoti pembe mraba, sekunde 30, mara tano, kila siku, uongeze polepole mpaka dakika. Paja ndilo linalochoka. Ukienda Msimbati panda kilima cha mchanga kwa ubavu, hatua fupi fupi, mguu wa juu kwanza. Ndivyo utakavyopanda theluji ukiwa na skii, na mchanga unateleza hivyo hivyo.

Fundi wa Masasi

Ratiba nayo: somo la asubuhi la muda wa saa mbili, legeza viatu wakati wa chakula, rudi kwenye mkeka, acha kabla paja halijaanza kutetemeka. Ukisikia kabari haikai tena, ndiyo mwisho, hata kama tiketi ina saa moja zaidi. Siku ya kazi foleni ni fupi kuliko Jumamosi. Bima ya mwanafunzi isome kama inataja michezo ya theluji. Isipotaja, nunua ya siku moja. Na ukichukua vifaa asubuhi, piga picha namba iliyo kwenye skii, kwa sababu nje ya kantini skii mia za kukodi zinafanana na mtu huchukua za mwenzake.