ICU na kadi ya ZHSF: Mkoani, Mnazi Mmoja au Dar?

MtuWaWete: Assalaam alaykum. Mzee wangu kazidiwa, yupo spitali Wete, wanasema huenda akahitaji ICU, wodi ya mahututi. Kadi ya ZHSF, mfuko wa huduma za afya Zanzibar, tunayo. Daktari mzuri wa mahututi anayepokea kadi hii yuko wapi? Spitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, Mnazi Mmoja ya Unguja, au tuvuke Dar?

Karafuu_Chake: Waalaykum salaam, pole sana. Anaumwa nini? Kadi ya nani? Mzee kaandikwa tegemezi?

BintiMkoani: Abdalla Mzee. Tangu Wachina waijenge upya si ile tuliyoizoea. Mtu wa oksijeni hasubirishwi bandarini.

Malindi_Mjini: Mnazi Mmoja bwana. Mabingwa wengi wako huku, na figo zikileta shida mashine za kusafisha damu zipo.

UmmuSalma: Ulizeni kabla. Mama tulimpeleka spitali moja ya binafsi. Mapokezi wakaitazama kadi, wakasema haina tatizo. Usiku akahamishiwa ICU. Asubuhi nikakabidhiwa karatasi: kitanda, mashine ya kupumulia, daktari, vyote taslimu. Kumbe kadi waliipokea kwa wodi ya kawaida tu. Dada akauza bangili zake za harusi huku mama hajafumbua macho. Mpaka leo naumia. Uliza kitu kimoja kimoja, na anayekujibu akuandikie.

Jahazi: Mimi na kadi yangu ya bima ya NHIF sijawahi kusumbuliwa.

Karafuu_Chake: Hiyo ya Bara, Jahazi. ZHSF ni mfuko wetu, wa sheria ya 2023. Usimchanganye mwenzio.

Jahazi: Sisi wa taasisi za Muungano tupo hapa hapa Unguja na tunaitumia!

Nesi_Pemba: Jamani, mgonjwa. Daktari wa ICU hatafutwi kama wa meno. Anayemtibu Wete ndiye anampigia mwenzake, kitanda kikipatikana anaandika barua ya rufaa. Mkijipeleka Dar bila barua, bima ina sababu ya kukataa.

MtuWaWete: Ana sukari, sasa kifua kimebana, pumzi fupi. Kadi ya mke wangu, mwalimu.

Karafuu_Chake: Kwa hiyo mzee ni mkwe wa mwenye kadi! Mkeo aende kwa ofisa wa mfuko leo, aulize kama jina limo.

Malindi_Mjini: Akija Unguja apande ndege. Boti na kifua hicho, hapana.

BintiMkoani: Ndege itambeba na mtungi wa oksijeni? Mkoani ni gari tu.

Nesi_Pemba: MtuWaWete, oksijeni yake inasoma ngapi?