Dozi ya kwanza ya surua imefika 90%, mbona mlipuko bado unatokea?

mdadisi_takwimu
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kizingiti cha kinga ya jamii, yaani sehemu ya watu wanaotakiwa kuwa na kinga ili ugonjwa usienee, hupatikana kwa 1 − 1/R0, ambapo R0 ni idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza pasipo na mwenye kinga. Surua ina R0 ya 12 hadi 18, kwa hiyo tunahitaji takribani 92% hadi 94% wawe na kinga. Eneo linalochanja 90% kila mwaka linaonekana kupungukiwa kidogo tu. Mbona miaka inapita kimya, kisha ghafla wodi zinajaa? Na je, kiwango hicho cha kinga ndicho kinachoamua wangapi watakufa?

hesabu_za_chanjo
Umewahesabu waliochomwa sindano kana kwamba wote wamepata kinga. Dozi ya miezi 9 hukinga takribani 85% ya wanaoipata, kwa sababu kingamwili za mama zilizobaki mwilini mwa mtoto huidhoofisha chanjo. Chukua watoto 10,000 wanaozaliwa kwa mwaka: 9,000 wanachanjwa, 7,650 wanapata kinga, 2,350 wanabaki wazi. Hao hawaondoki. Mwaka wa pili ni 4,700, wa tatu 7,050, na baada ya miaka minne na kitu wamefika 10,000, yaani sawa na watoto wote wanaozaliwa kwa mwaka mmoja. Kwa surua hapo ndipo kengele inapolia, na kampeni inatakiwa iwe imefanyika kabla. Ule ukimya ulikuwa ni kuni zinarundikana tu.

Ukiongeza dozi ya pili kwa 80% ya watoto, na mtu mwenye dozi mbili akakingwa kwa 97%, wanaobaki wazi hushuka hadi kama 1,390 kwa mwaka. Muda wa kufikia 10,000 unasogea hadi miaka saba hivi. Haujafutika.

Halafu ile fomula inadhani watu wamechanganyika sawasawa. Hawajachanganyika. Wastani wa 95% unaweza kuficha kata moja yenye 60%, na kirusi hakisomi wastani.

daktari_wa_milipuko
Nijibu la vifo. Kinga ya jamii huamua zaidi nani ataugua na wangapi kwa wakati mmoja. Kufa au kupona kunategemea pia umri, lishe na huduma.

Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, havikuwa na surua tangu 1781. Ilipoingia 1846 iliwapata zaidi ya watu 6,000 kati ya takribani 7,800, lakini wazee waliougua mwaka 1781 hawakuguswa. Daktari Mdenmaki Peter Panum alilieleza hilo vizuri. Waliokufa walikuwa sehemu ndogo ya wagonjwa. Fiji, 1875, nako watu hawakuwa na kinga, lakini inakadiriwa walikufa kama 40,000, kati ya robo na theluthi ya wakazi. Watoto na watu wazima waliugua kwa wakati mmoja, wakakosekana wa kuchota maji, kupika na kuuguza. Kuwa na watu wazima wenye kinga ndani ya nyumba ni tiba ya aina yake.

Anayeugua leo apewe vitamini A siku mbili mfululizo: chini ya miezi 6 yuniti 50,000 kwa siku, miezi 6 hadi 11 yuniti 100,000, mwaka mmoja na kuendelea 200,000. Mwenye dalili za upungufu wa vitamini A machoni huongezewa dozi ya tatu baada ya wiki 4 hadi 6. Wengi huuawa na nimonia na kuharisha, kwa hiyo hesabu pumzi na anza maji ya chumvichumvi mapema.

mlinda_kingo
Tahadhari: kinga nusunusu huweza kudhuru. Rubela (surua ya Kijerumani) ikichanjwa kwa kiwango cha chini, mzunguko wa kirusi hupungua na wasichana wanafika umri wa kuzaa bila kinga, na madhara yake hutua kwa mimba. Ndiyo maana hadi 2024 nchi zilikuwa zikishauriwa kuhakikisha zinafikia angalau 80% kabla ya kuanzisha chanjo hiyo. Homa ya dengi ina kisa chake: aina zipo nne, na kuambukizwa mara ya pili kwa aina tofauti kuna hatari kubwa zaidi ya kuwa kukali kuliko mara ya kwanza.

mdadisi_takwimu
Kwa hiyo kampeni kila miaka minne inatosha?

hesabu_za_chanjo
Kwa hesabu yako, ndiyo, ikiwafikia waliokosa. Kampeni nyingi huwachanja tena walewale waliokwisha chanjwa, na idadi ya dozi inapendeza kwenye ripoti. Kwa hiyo sajili kwanza nani hana hata dozi moja. Kosa jingine ni muuguzi kukataa kufungua chupa ya dozi 10 kwa ajili ya mtoto mmoja, eti ataharibu dozi tisa. Mtoto huyo anarudishwa nyumbani na harudi. Fungua chupa, ihifadhi kwenye nyuzi 2 hadi 8 mbali na mwanga, na kilichobaki kitupe baada ya saa 6 au kliniki ikifungwa, lipi litangulie.