Engaruka, Boma la Arusha au Moshi na Marangu: wapi kwa siku mbili?

Kijenge_Juu: Wakuu, kuna wageni watatu wanafikia Arusha, wana siku mbili. Wanataka magofu ya kale na pia kuzunguka madukani watafute khanga na vitenge. Kipi bora kati ya hivyo vitatu? Na je, Engaruka na soko vinaingia siku moja?

Mzee_wa_Korongo: Haviingii, mkuu. Na kwanza waambie mapema hakuna kasri wala misikiti kama ya Kilwa. Engaruka ni mashamba ya kale: mawe yaliyopangwa bila chokaa, mifereji iliyoleta maji ya mto kutoka nyanda za Ngorongoro, na kwenye mteremko vitako vya nyumba, yaani sehemu zilizosawazishwa zikajengwa nyumba juu yake. Watu walilima pale tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18.

Kosa kubwa ni kufika saa sita mchana. Jua likiwa utosini, vijikuta vifupi vinapotelea kwenye vumbi, mgeni anaona mawe tu. Asubuhi na mapema jua linatokea upande wa bonde, kila mstari unaangusha kivuli na vitalu vyote vinajichora. Panda kwanza hadi vitako vya juu, utazame chini, ndipo ushuke mashambani. Kwa hiyo walale Mto wa Mbu, mji ulio njiani. Masika makorongo ya njia hiyo hujaa, usijaribu. Mwongozaji achukuliwe palepale kijijini.

Dada_wa_Doti: Kwa khanga, Soko Kuu la Arusha na mitaa inayolizunguka inatosha. Doti huuzwa haijakatwa, vipande viwili vyenye jina moja. Ikunjueni dukani: mchapo ukiwa upogo, fundi akikata katikati pindo la upande mmoja linaliwa. Kitenge kigeuze: cha nta, rangi hupenya pande zote mbili; cha kuchapwa juujuu, mgongo wake umefifia. Lowesha pembe, sugua na leso nyeupe. Ikichuja hapo, itachuja kwenye beseni.

Reli_ya_Kale: Mimi ningewapeleka Moshi, umbali wa kilomita 80 hivi. Asubuhi Marangu kwenye mapango ambamo Wachagga walijificha na mifugo wakati wa vita, mchana mjini: Soko Kuu, mitumba ya soko la Memorial, na stesheni ya reli iliyofika kutoka Tanga mwaka 1911. Vyote vya mjini ni kwa miguu. Mapangoni unainama, hewa ni nzito. Mwenye kuogopa sehemu finyu abaki nje. Jumapili epuka, maduka mengi hufungwa.

Kijenge_Juu: Boma je?

Mzee_wa_Korongo: Ngome ya Wajerumani ya 1900, siku hizi makumbusho. Si gofu. Saa moja ya kupisha mvua, basi.

Reli_ya_Kale: Hapo sibishi. Wakienda Engaruka, vigae vya vyungu wavitazame na kuviacha chini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haina msamaha kwa zawadi ya mfukoni.