Marando ya jirani: haki ya mgunduzi wa mbegu iishie wapi?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: aina ya viazi au muhogo iliyogunduliwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kwa kodi zetu isije ikafungwa kiasi cha kumzuia mkulima wa Misungwi kumuuzia jirani mzigo wa marando, yaani mashina ya viazi ya kupandia.

Tanzania iliingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, Novemba 2015, ikiwa na sheria yake ya 2012. Mkataba unampa mgunduzi miaka isiyopungua 20 ya kuamua nani azalishe na kuuza mbegu yake. Wapo wanaodai kwamba ukirudishia mbegu yako shambani utafungwa. Si kweli: mkataba unaruhusu nchi kumwachia mkulima apande tena alichovuna, ndani ya shamba lake, kwa kiasi.

Ninachogombania ni huo mpaka wa shamba. Huku kwetu kiangazi kikikaza, mwenye kishamba cha bondeni karibu na maji ndiye anayebaki na marando mabichi. Mvua zikianza wote tunakwenda kwake. Huyu anapewa bure, yule analipa kidogo. Ndiyo mfumo wa mbegu tulio nao. Aina ile ikiwa imelindwa, kuuza bila idhini ya mgunduzi ni kosa, hata kama ni mzigo mmoja!

Watafiti wanauliza: bila malipo, nani atavumilia miaka yote ile kutafuta muhogo unaostahimili michirizi ya kahawia? Hoja nzito, kwa jinsi ugonjwa huo ulivyotutesa. Basi walipe wanaozalisha kwa wingi kibiashara. Na anayesema kugawana vipando kunasambaza magonjwa ana haki, ila hiyo ni kazi ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, kukagua ubora, mmiliki awe yeyote.

Kuna pia uhuru wa mtafiti mwenyewe, unaosahaulika sana. Chini ya UPOV anaweza kuchavusha aina iliyolindwa ya mwenzake ili kupata mpya bila kuomba ruhusa. Hataza (patent) za Marekani hazina mlango huo. Mchele wa dhahabu, ule uliobadilishwa vinasaba ili uongeze vitamini A, ulipochunguzwa mwaka 2000, zilihesabiwa haki zipatazo 70 mikononi mwa makampuni na taasisi 32. Hata hivyo hataza ina nguvu pale tu iliposajiliwa, na nyingi hazikuwa zimesajiliwa katika nchi maskini. Kwa hiyo kituo cha umma kiwe na mwanasheria anayekagua haki hizi kabla ya kazi kuanza, kisiogopeshwe ovyo wala kisinaswe mwishoni. Viazi vya Kabode tunavyolima viligunduliwa Uganda. Tukifungiana milango tunaumia sote.

Wazalishaji wa marando, nawasubiri ninyi hasa: sheria itaje kiwango ambacho chini yake mauzo kwa jirani hayahesabiwi biashara, au mazao ya marando na vipando yaondolewe kabisa kwenye sheria hiyo? Mimi naanza na kiwango.