Saa ya mita 300 inaweka ukungu ndani ya kioo: nifungue kile kitufe cha pili?

Wa Shangani
Wakuu, saa ni otomatiki ya Uswisi, imeandikwa kuhimili maji ya mita 300. Ikitoka juani na kuingia baharini pale Msangamkuu, kioo kinaweka ukungu kwa ndani. Ubavuni ina vitufe viwili: cha kurekebishia majira, na kingine chenye alama ya He. Nimeambiwa nikiache hicho cha He wazi usiku kucha, unyevu utoke. Ni sahihi? Halafu tangu juzi inakwenda mbele karibu dakika tano kwa siku.

Fundi Mikindani
Usikifungue, mkuu. Hiyo ni vali ya kutolea gesi ya heli, haikuwekwa kwa ajili ya maji. Wazamiaji wa kazi za kina kirefu hukaa siku nyingi kwenye chemba yenye mgandamizo mkubwa, wakivuta mchanganyiko wenye heli. Chembe za heli ni ndogo mno, hupenya taratibu kwenye mipira ya saa, ile ya kuzibia maji. Mgandamizo ukishushwa, gesi iliyonaswa ndani inaweza kung'oa kioo. Saa ya Rolex Sea-Dweller ya 1967 ilikuja na vali inayojifungua yenyewe. Nyingine, kama yako, hufunguliwa kwa mkono. Anayezamia na mtungi wa hewa ya kawaida kule Ghuba ya Mnazi haihitaji kabisa.

Kinachokulinda ni kitufe cha kurekebishia, kile cha kukaza kwa thredi ambacho Rolex Oyster ilikipa umaarufu tangu 1926. Wengi wanakikaza vibaya. Kisukume ndani, kizungushe kwanza kinyume mpaka usikie thredi zimekaa, ndipo ukaze mbele. Kikigoma, rudia mwanzo. Ukilazimisha, thredi zinapanda moja juu ya nyingine na hapo hakitabana tena.

Ukungu ukishaonekana, unyevu umo tayari. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii. Ipeleke ifunguliwe wiki hii hii, maana maji ya chumvi yanakula vyuma vya mashine upesi. Mipira ibadilishwe yote: ya mgongo, ya kitufe, ya vali, na ya kioo. Mita 300 ni ya mipira mizima. Ikikauka, yale ni maandishi tu.

Kabla hujalipa, dai vipimo viwili. Cha kwanza ni mashine ya mgandamizo. Cha pili: saa ipashwe moto hadi nyuzijoto 40–45, kwa dakika 10 hadi 20, kisha tone la maji yasiyo ya moto liwekwe juu ya kioo. Baada ya dakika moja lifutwe. Ukungu ukibaki kwa ndani, kazi haijaisha.

Lindi Mjini
Naongezea: kila ukitoka baharini ioshe kwa maji baridi ya bomba, huku ukizungusha bezeli, ile pete inayozunguka kioo. Chumvi ikikaukia chini yake inaganda na kuikwamisha. Usioge nayo kwa maji ya moto na sabuni, vyote viwili vinachosha mipira.

Hizo dakika tano mara nyingi ni sumaku, ya spika au ya kifuniko cha simu. Mizunguko ya springi ya usukani, ile nyembamba inayoongoza mwendo wa saa, inagandana, springi inakuwa kama imefupishwa, saa inakimbia. Isogeze karibu na dira; sindano ikicheza, fundi aiondolee sumaku kwa kifaa chake, ni kazi ya dakika chache. Ukija kununua nyingine, tafuta yenye springi ya silikoni, maana haishiki sumaku. Kampuni ya Ulysse Nardin walianza kuitumia silikoni ndani ya mashine ya saa kwenye saa yao ya Freak ya 2001, na mwaka 2013 Omega walitangaza mashine inayohimili sumaku ya gausi 15,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Kwa mtu anayelala na simu kando ya saa, hilo lina faida kuliko vali ya heli.

Wa Shangani
Dira imecheza kweli. Kesho inafunguliwa, mipira yote na sumaku kwa pamoja. Shukrani wakuu.